Mpini wa Kushoto

Siku Murithi alipoanguka kutoka paa la shule moja kule Timau, mtu wa kwanza kumfikia alikuwa Njiru. Aliruka ngazi, akapiga magoti kwenye tope, akamshika kichwa na kumsihi asijaribu kuinuka. Njiru ndiye aliyempigia Kendi simu kumweleza kwamba mumewe ameumia lakini anapumua vizuri. Njiru ndiye aliyelala kwenye benchi la hospitali huku amejifunika koti lenye vumbi la simenti. Baadaye, mambo yalipokwisha kuharibika, Murithi alirudia siku ile mara nyingi akilini, akimkagua Njiru usoni, akitafuta dalili aliyokosa kuiona. Hakuipata. Siku ile Njiru alikuwa analia kikweli.

Wawili hao walikuwa mafundi wa mabati katika soko la Kianjai. Walitengeneza gata za kuvunia maji ya mvua, matangi, masanduku ya wanafunzi wa bweni, majiko na makopo ya kumwagilia miche. Banda lilikuwa la Murithi kwanza. Njiru alifika Kianjai kutoka Kianjokoma, huko Embu, akifuata kazi ya ujenzi iliyoishia njiani, akabaki amekaa kando ya barabara na mfuko wa vifaa vyake. Murithi alimpa kona ya kufanyia kazi. Kona ikawa nusu ya banda, na jina la Njiru likapakwa rangi mlangoni chini ya la Murithi. Walielewana kwa Kiswahili cha sokoni kilichochanganyika na Kimeru cha huyu na Kiembu cha yule, mpaka wateja wakawa hawajui nani ametoka wapi. Maxine, binti wa Murithi, alipobatizwa, Njiru ndiye aliyesimama kama baba wa ubatizo. Tangu hapo hakumwita rafiki yake kwa jina tena. Alimwita Baba Maxine.

Bega la Murithi liliunga vibaya. Mkono wa kulia uliweza kushika kikombe na kufunga kifungo cha shati, lakini nyundo haukuweza kuinua kupita kifua. Na kazi yao ilikuwa nyundo. Walikunja bati kwa kulilaza juu ya kipande cha reli, mmoja akilikandamiza, mwingine akiligonga kwa nyundo ya mbao kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, pole pole, lisijipinde. Sasa Njiru aligonga peke yake. Murithi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akilikandamiza bati kwa goti na mkono wa kushoto.

"Baba Maxine," Njiru alisema siku moja bila kugeuka, "ukizidi kuniangalia hivyo utanitoboa mgongo."

"Naangalia kazi."

"Unaangalia mkono wangu." Njiru aliweka nyundo chini. "Sikiza. Mafundi wa mjini wana mashine ya kukunja. Unaingiza bati, unalibana, unainua mpini, kwisha. Tutajenga yetu. Sitaki siku moja nije nikukute unauza misumari kwa duka la mtu."

Murithi alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Timau.

Vyuma walivipata kwenye shamba moja la ngano kule Timau, kwa mtu aliyekuwa anauza mabaki ya mashine kuukuu ya kuvunia. Walichagua vyuma vya pembe vilivyonyooka, vinene, visivyoliwa na kutu. Kimoja kingekuwa kitanda cha kulazia bati, kingine mbano wa kulikandamiza kutoka juu, na cha tatu ndio ulimi: ule ubao wa chuma unaoinuka na kulikunja bati likiwa limebanwa. Njiru alichomelea. Murithi alipima, alitia alama kwa chaki, akashikilia pale mkono wake ulipoweza.

Ya kwanza haikufaa kitu. Walifunga ulimi kwa bawaba za mlango zilizowekwa chini ya kitanda, na kila ulimi ulipoinuka uliteleza juu ya bati, ukalikwaruza na kuling'oa ngozi yake nyeupe. Mkunjo wenyewe ulitoka kama goti la ng'ombe. Vijana wa bodaboda waliokuwa wakitazama walishika mbavu. Njiru aliwafukuza, kisha naye akacheka mpaka akakaa chini.

Jibu lilimjia Murithi kanisani. Mchungaji alikuwa anahubiri, na yeye alikuwa anafungua na kufunga kitabu cha nyimbo mapajani, anafungua na kufunga, mpaka Kendi akamfinya. Kurasa hazikutelezana. Zilizunguka kwenye mshono wenyewe. Basi na ulimi haukupaswa kuzunguka chini ya kitanda. Ulipaswa kuzunguka palepale kwenye ukingo, kwenye mstari ule bati linapokunjikia. Jumatatu walizikata pembe za vyuma ncha zote mbili, wakaingiza vipande vya bomba na vyuma vya duara ndani yake, moyo wa bawaba ukakaa sawasawa na ukingo. Ikabaki shida moja: katikati kitanda kilijipinda kidogo, mkunjo ukawa wazi tumboni. Njiru akachomelea ubavu wa chuma nyuma yake, kama mgongo wa daraja.

Mwishowe Njiru aliuliza, "Mpini tuuweke wapi?"

"Popote. Kulia, kama za wengine."

"Za wengine ni za wengine." Aliuchomelea upande wa kushoto, mrefu, na upande wa pili akafunga uzito wa zege uliosaidia kuinua. "Njoo."

Murithi aliingiza bati, akafunga mbano, akauvuta mpini kwa mkono wake mzima. Ulimi uliinuka bila kelele. Alipolitoa bati, lilikuwa na mkunjo mmoja mrefu ulionyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Alipitisha kidole juu yake. Akaligeuza, akapitisha tena. Njiru alimpiga begani, lile zima, akasema, "Sasa wewe ndio fundi, mimi ni mbeba mabati."

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri. Murithi alikunja, Njiru alipanda mapaa. Jioni banda lilifungwa kwa kufuli, na ufunguo ukalala nyumbani kwa Murithi. Watu walitoka mbali kuja kuona. Kazi ambayo zamani iliwashinda sasa waliimaliza na kukaa wakinywa chai. Kendi naye alipita na kikapu chake kutoka sokoni, akasimama mlangoni kumtazama mumewe akifanya kazi. Murithi alidhani anafurahi.

Kisha daktari mmoja Meru mjini akasema bega linaweza kufunguliwa na kuungwa upya. Lingechukua wiki nyingi, lakini mkono ungerudi. Murithi alilazwa. Njiru alikuja kumtembelea akiwa na machungwa na ndizi, akavuta kiti, akaomba kwa sauti mpaka wagonjwa wa vitanda vya karibu wakaitikia amina.

"Mashine inaendeleaje?" Murithi alimuuliza.

"Inakula mabati kama mbuzi kwenye kunde. Wewe pona."

Kendi alikuja kila siku na uji kwenye chupa. Murithi alikuwa na wakati mwingi wa kufikiri, na alichofikiria ni mashine. Alimweleza mkewe jinsi watakavyogawanya mbano vipande vipande ili waweze kukunja hata masanduku, pande zote nne. Alimchorea kwa kidole juu ya blanketi. Kendi alitazama kidole kikienda na kurudi.

"Sawa," alisema. "Kunywa uji, unapoa."

Katika wiki za mwisho Njiru hakuja tena, na simu yake ikawa haijibiwi. Murithi alidhani kazi zimemlemea.

Aliporuhusiwa, hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alimwambia Kendi atangulie na mizigo, yeye apite sokoni awasalimie watu. Kendi alimshika mkono wa shati.

"Si upumzike kwanza? Soko halihami."

"Nasalimia tu."

Kendi aliuachia mkono wa shati. Akachukua mizigo, akaenda.

Mlango wa banda ulikuwa wazi. Ndani palikuwa pamefagiliwa. Reli ya zamani ilikuwa pembeni na nyundo ya mbao juu yake. Pale mashine ilipokuwa imesimama palibaki alama za miguu yake kwenye udongo, na mlangoni jina la chini, la Njiru, lilikuwa limepakwa rangi juu likafutika.

Thuranira, mchomeleaji wa banda la jirani, mzee mwenye ndevu za mvi na miwani iliyounguzwa na cheche, alimwona akavuka haraka kuja kumpa mkono.

"Umepona! Bwana asifiwe. Tulisikia uamuzi wako. Si rahisi mtu kukubali mwili umechoka. Uliamua vizuri."

"Uamuzi gani?"

"Wa kuacha ufundi, urudi shambani." Thuranira alianza kusitasita. "Njiru alituambia. Kwamba mmeachana kwa amani, ukampa mashine akaanzie kwao Kianjokoma. Hata kanisani mlitangazwa. Tuliwaombea."

Murithi aliegemea mwimo wa mlango. Kwa hiyo wote walijua. Kanisa zima lilikuwa limefumba macho na kumshukuru Mungu kwa jambo ambalo yeye alikuwa hajaliwaza hata ndotoni. Watu walipita wakimpungia mkono, wakimwambia pole na hongera, na kila hongera ilimchoma. Hakumkatalia mtu. Hakujua angeanzia wapi.

Nyumbani hakumwambia Kendi alichokiona, naye Kendi hakuuliza. Asubuhi Murithi alisema tu, "Naenda Embu," akaondoka mkono ukiwa bado umening'inizwa kwa kitambaa shingoni.

Kianjokoma kulikuwa na ukungu na baridi ya mlimani. Majani chai yalipanda mpaka karibu na milango ya watu. Kumpata Njiru haikuwa kazi. Mtu wa kwanza aliyemuuliza alinyoosha kidole: "Yule wa mashine? Hapo juu."

Aliyetoka kumlaki ni Mukami, mke wa Njiru, mwanamke mnene mwenye uso wa furaha. Walikuwa wamekutana mara moja tu, siku ya ubatizo wa Maxine. Alifuta mikono kwenye leso, akamshika mkono wa kushoto kwa mikono yote miwili.

"Baba Maxine! Karibu, karibu ndani. Njiru ameenda kupima paa hapo chini, anarudi sasa hivi." Alimwekea chai na nduma za moto, akakaa mbele yake. "Nilikuwa namwambia kila siku, tutaenda kumshukuru lini huyo mtu? Hata ndugu wa tumbo moja hawezi kukupa kitu kama kile. Miaka yote watoto wangu walikuwa wanamwita baba yao mgeni. Sasa analala hapa. Mungu akubariki."

Murithi alishika kikombe. Angeweza kumwambia. Maneno yalikuwa yamepanga foleni mdomoni. Lakini alitazama ule uso, akaona kwamba mwanamke huyu anaamini kila neno, kwamba naye amedanganywa, ila yeye amedanganywa kitu kitamu.

"Chai ni nzuri," alisema.

Njiru alipoingia na kumwona, aliganda mlangoni akiwa na futi mkononi.

"Baba Maxine. Ungenipigia, ningekuja kukupokea."

"Nilikupigia."

Mukami alitazama huyu, akatazama yule. Njiru alisema haraka, "Twende nikuonyeshe banda."

Banda lilikuwa nyuma ya nyumba, la mbao mpya. Mashine ilisimama katikati, imepakwa rangi ya kijani. Murithi aliizunguka. Alifika upande wa kushoto akasimama. Mpini haukuwepo. Ulikuwa umekatwa kwa grinda, kisiki chake kikasawazishwa na kupakwa rangi, na mpini wenyewe ukachomelewa upande wa kulia. Uzito wa zege nao ulikuwa umehamishwa. Aliweka kidole gumba juu ya kovu la chuma. Njia nzima kutoka Kianjai alikuwa amejiambia kwamba pengine kuna maelezo. Labda Njiru aliiazima tu kwa kazi fulani kubwa, akaona haya kusema. Sasa kidole kilikuwa kimejibu.

"Uliukata lini?"

"Nini?"

"Mpini."

Njiru alitazama chini. "Mimi natumia mkono wa kulia."

"Najua unatumia mkono gani."

Huko nje Mukami alikuwa anaita kuku.

"Nilitaka kukuambia," Njiru alisema mwishowe. "Kila nikija hospitali nakukuta umechangamka, unaongea habari ya kurudi. Ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo. Ule ule uliokuwa ukiniombea nao."

"Baba Maxine, mimi pia nimechoka. Nani alikuwa anapanda mapaa? Nani alikuwa anabeba? Nimekaa kwenu miaka yote hiyo, watoto wangu wanakua huku bila mimi. Na wewe hata daktari hana hakika na huo mkono."

"Ungesema hivyo, hayo hayo, ningekusaidia kuipakia kwa lori." Sauti ya Murithi ilikuwa imepungua mpaka Njiru akalazimika kusogea. "Tungejenga nyingine. Tungejenga mbili. Lakini ulisimama mbele ya kanisa langu ukaniondolea kazi yangu kwa mdomo wako, na mimi nikiwa nimelala Meru nakutetea kwa nini hujibu simu."

Njiru alivuta pumzi. Kisha akasema jambo ambalo Murithi aliona wazi hakuwa amepanga kulisema. Lilimponyoka tu, kama mtu anayejikinga uso.

"Kwani unafikiri nilivunja mlango? Nilipewa ufunguo. Muulize Mama Maxine."

Murithi hakumbuki vizuri alivyotoka. Anakumbuka Mukami akimkimbilia na mfuko wa maparachichi, akisema salamu nyingi kwa Kendi, naye akaupokea kwa sababu hakujua namna ya kuukataa.

Kesho yake mchana alimkuta Kendi uani akipukuchua maharagwe. Aliweka mfuko chini.

"Mukami anakusalimu," alisema. "Na Njiru anasema nikuulize habari ya ufunguo."

Mikono ya Kendi ilisimama. Hakujifanya hajaelewa, na kwa hilo Murithi baadaye alimshukuru moyoni, japo si kwa sauti.

"Nilimpa," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuona ulivyoletwa kutoka Timau." Alizungumza kwa Kimeru, taratibu, kama mtu ambaye ameyasema maneno hayo peke yake mara nyingi. "Daktari aliposema mkono utarudi, wewe ulifurahi. Mimi niliogopa. Nilijua ukirudi tu, utapanda. Utasema unakunja tu, halafu siku moja Njiru atakuwa mbali na gata moja imelegea, na wewe utachukua ngazi. Njiru alipokuja kuniambia anataka kurudi kwao na mashine, nilisema, Mungu amenisikia. Nikampa. Lakini nilimwambia akuambie mwenyewe. Aliniahidi."

"Na alipokosa kuniambia?"

Kendi aliokota ganda lililoanguka.

"Ulikuja kila siku," Murithi alisema. "Nilikuchorea juu ya blanketi. Ulikuwa unajua mashine haipo, ukaniambia sawa, kunywa uji."

"Nilishindwa."

"Njiru ni mtu wa nje, Kendi. Yeye ameniibia chuma. Wewe ulikaa kwenye kitanda changu ukaniitikia."

Kendi alifunika uso kwa mikono yenye vumbi la maganda. Murithi alitamani kukasirika kwa sauti, avunje kitu, apige kelele majirani wasikie. Hasira haikuja hivyo. Alijisikia kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta viti vyote vimepangwa upya, hajui akae wapi. Akaenda kwa Thuranira.

Alimweleza yote. Thuranira alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Na mimi nilikupa hongera," alisema. Halafu akamwonyesha kona ya banda lake. "Mimi nina mashine ya kuchomelea. Kichwa unacho wewe. Tafuta vyuma."

Wakaanza upya. Haikuwa kama mara ya kwanza. Thuranira hakuwa mtu wa mzaha. Alichomelea kimya na kwenda zake. Murithi alipima na kutia chaki, na wakati mwingine alijikuta amegeuka kusema jambo la kuchekesha kwa mtu ambaye hayupo. Wateja waliuliza si aliacha ufundi, naye akajibu, "Hapana," basi. Walienda wakinong'ona. Wengine walisema amempa mwenzake zawadi kisha amejuta.

Jumapili moja, wakati wa matangazo, Kendi alisimama bila kuitwa. Murithi, aliyekaa upande wa wanaume, alisikia sauti yake kabla hajamwona.

"Mlituombea hapa," Kendi alisema, "kwa sababu mliambiwa mume wangu ameacha kazi na kutoa mashine yake. Hakuacha. Hakutoa. Ilichukuliwa akiwa hospitalini, na aliyefungua mlango ni mimi. Mimi nilijua. Yeye hakujua." Leso yake ilikuwa imefumbatwa mkononi. "Nataka mjue hivyo. Ni hayo tu."

Akakaa. Hakuna aliyesema amina. Mchungaji alikohoa, akageukia tangazo la mkutano wa vijana.

Baada ya ibada watu waliwapisha njiani kama wanavyopisha waliofiwa. Walitembea wakishuka kuelekea nyumbani, Maxine akiwa ametangulia mbele na wenzake. Kendi hakumtazama. Alikuwa amevaa viatu vyake vya Jumapili vinavyombana, naye hakulalamika.

"Hukuniambia utasimama," Murithi alisema.

"Ningekuambia ungenikataza."

"Ningekukataza." Walipita kioski cha mboga, kilichofungwa. "Kendi, sijui kama naweza kukuamini tena. Sisemi kukuumiza. Nakuambia kwa sababu nimechoka na watu wanaoninyamazia."

"Najua."

"Inaweza kuchukua muda mrefu."

"Niko hapa," alisema Kendi.

Walipofika mahali njia inapobanana kati ya nyua za kei apple zenye miiba za majirani, alisimama akamwacha apite mbele, kisha akafuata.